Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Victorinox: Jina la Wenger Lirudi Kwenye Kisu

Kwa:
Bodi ya Wakurugenzi na Menejimenti,
Victorinox AG,
Ibach, Kantoni ya Schwyz,
USWISI.

Nakala: Serikali ya Kantoni ya Jura, Halmashauri ya Mji wa Delémont.

YAH: KUONDOLEWA KWA JINA LA WENGER KWENYE VISU VYA MFUKONI

Waheshimiwa Wakurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwongoza wageni katika Mlima Kilimanjaro, mkazi wa Marangu. Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya kimya kimya imeshindikana. Ribiti ya mkasi wa kisu changu cha Wenger, kisu cha mfukoni cha Uswisi, ilipolegea, nilikipeleka kwenye duka moja la vifaa vya safari nikajibiwa kwamba Wenger haipo tena, ninunue kisu kingine. Nikamwandikia muuzaji mmoja wa Ulaya anayetuma visu kwa posta, hakujibu. Hao siwataji, na kosa lao si lenu. Lakini maneno yale ya dukani, kwamba Wenger haipo tena, yametokana na uamuzi wenu wa kuliondoa jina hilo kwenye visu, na uamuzi huo ndio ninaotaka tuuzungumze mbele ya watu. Naandika kwa Kiswahili ili wenzangu wanaovitumia visu hivi mlimani waisome barua hii kabla haijawafikia ninyi.

Huenda mkajiuliza kisu cha Delémont, mji kilipokuwa kiwanda cha Wenger, kimefikaje Marangu. Safari ya mlima inapokwisha, wageni huwagawia waongozaji, wapishi na wagumu (wabeba mizigo) vitu vyao: jaketi, soksi nzito, tochi za kichwani, na visu. Baada ya Septemba 2001 jambo hilo lilizidi, kwa sababu kisu hakiruhusiwi tena ndani ya ndege kwenye mkoba wa mkononi, na wapo wageni wanaoona heri wakiache kwa mtu atakayekitumia kuliko kuishia kwenye ndoo ya ukaguzi pale KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro. Katazo hilo hilo la viwanja vya ndege ndilo lililoangusha biashara ya visu vya mfukoni na kuiumiza Wenger mpaka ikabidi inunuliwe. Kwa hiyo huku kwetu visu vyenye chapa ya Wenger ni vingi, na havikai kabatini. Vinakata plasta ya malengelenge pale kambi ya Horombo, vinafungua makopo ya maharage, vinakaza skrubu ya fimbo ya mgeni, vinakata kamba ya hema iliyoganda usiku kucha.

Historia yenyewe mnaijua kuliko mimi, lakini wasomaji wangu wengi hawaijui, kwa hiyo nitaieleza kidogo.

Karl Elsener alifungua karakana yake ya visu Ibach mwaka 1884, ndiyo iliyokuja kuwa Victorinox. Jeshi la Uswisi lilipoamua kumpa kila askari kisu cha kukunja chenye bapa, msharasi, kifungua kopo, na bisibisi ya kufungulia bunduki mpya ya wakati ule, kundi la kwanza lilitengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa kuwa ndani ya Uswisi hapakuwa na kiwanda chenye uwezo wa kutosha. Elsener akaanza kulipelekea jeshi visu vyake mwaka 1891. Mwaka 1893 kiwanda cha Paul Boéchat cha Courtételle, huko Jura, nacho kikapata oda ya jeshi. Kiwanda hicho kikahamia Delémont, na kilipoingia mikononi mwa Théodore Wenger kikachukua jina lake. Schwyz wanazungumza Kijerumani, Jura wanazungumza Kifaransa, na serikali haikutaka upande mmoja uonekane umependelewa. Mwaka 1908 ikagawa oda nusu kwa nusu, nusu Ibach na nusu Delémont. Ninyi mkakitangaza chenu kuwa kisu asilia cha jeshi la Uswisi, wao wakakitangaza chao kuwa kisu halisi, na maisha yakaendelea hivyo mpaka Aprili 2005 mlipoinunua Wenger. Kwa miaka kadhaa mliacha majina yote mawili yaendelee. Januari 2013 mkatangaza kwamba visu vyote vya mfukoni vitabeba jina moja tu, Victorinox.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Jina limeondolewa kwenye kisu na kuachwa kwenye begi.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na nitalieleza kwa urefu. Kama mngesema mwaka 2013 kwamba Wenger imefikia mwisho, ningesikitika na kunyamaza, kwa sababu kampuni hufa. Lakini hamkulizika jina. Mliliacha liendelee kwenye saa, mabegi ya mgongoni na masanduku ya safari. Saa za Wenger zilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na mabegi yalifuata baadaye. Visu vilikuwa vimeshatengenezwa Delémont tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Begi lilinunuliwa kwa sababu ya sifa ya kisu. Ile nembo ya msalaba ndani ya mraba wenye kona za mviringo, mtu aliiamini begani kwa sababu alikuwa ameishaiona mfukoni mwa baba yake au mwa mwongozaji wake, na kisu hakikumwangusha.

Leo kijana wa Moshi anajua Wenger ni begi la kompyuta. Nimewaonyesha vijana wanaoanza kazi ya ugumu kisu changu, wakaniuliza kama kampuni ya mabegi iliwahi kutengeneza visu. Jina lililojengwa na wafua visu limeachwa bila hata kisu kimoja, nalo linaendelea kuwaingizia faida. Mkitafakari kwa moyo mweupe, mtaona kwamba waliofanya kazi Delémont kwa vizazi vitatu hawakutendewa haki.

2. Vifaa vya Delémont vinauzwa bila jina la waliovibuni.

Mwaka 2014 mlitoa mkusanyo mlioupa jina la Delémont, wenye maumbo yaliyotoka Wenger. Mpini wa Evolution uliopinda kufuata vidole ni wao. EvoGrip yenye mpira ubavuni ni yao. Kisu kidogo cha milimita 65 chenye kikata kucha, mnachokiita Nail Clip, asili yake ni wao. Nashukuru kwamba hamkuvitupa. Lakini kwenye kitako cha bapa, mahali ambapo fundi wa visu huweka chapa yake, pameandikwa Victorinox. Kisu cha askari cha mwaka 1961, kile cha mpini wa alumini, kilikuwa na chapa ya kiwanda kilichokitengeneza pamoja na mwaka, hata kama visu vyenyewe vilifanana kama mapacha. Jeshi liliona ni haki kila kiwanda kitambulike kwa kazi yake. Ninaomba hicho hicho kwa visu vinavyouzwa raia.

3. Mkasi, na mpini ulionyooka.

Wasiotumia visu hivi watadhani naongelea jambo dogo. Kwenye visu vya Ibach, mkasi hurudishwa na springi ndogo nyembamba iliyopachikwa kati ya mikono yake. Springi hiyo ndiyo sehemu ya kwanza kuvunjika. Haki isemwe, kuibadilisha ni rahisi ukiwa nayo, lakini huku mlimani huna. Kwenye visu vya Delémont springi hiyo haipo kabisa. Mkasi wao umeundwa kwa mtindo wa wenzo, na nguvu ya kuurudisha hutoka kwenye springi ya mgongo wa kisu chenyewe. Makali yake yana meno madogo, kwa hiyo plasta au uzi hautelezi ukiukata. Mwenye glavu nzito usiku wa kuelekea kilele, akiwa na mgeni aliyevua buti na kisigino chake kimechubuka, anajua tofauti ya mikasi hii miwili bila kusoma kitabu cha maelekezo.

Kifungua kopo nacho kilitofautiana. Cha Ibach hukata kwenda mbele, cha Delémont kilikuwa na umbo lake na namna yake ya kushikwa. Hapo sitabishana na mtu, kila mmoja ana mazoea yake.

Sasa, mkasi huo mmeuendeleza kwenye Evolution, na nawapongeza. Lakini Evolution ina mpini mnene. Wenger ya kawaida ilikuwa na mpini ulionyooka, wa milimita 85, mfupi kuliko milimita 91 za kisu chenu cha kawaida, na ulikaa vizuri kwenye mfuko wa suruali hata ukiwa na vifaa vingi. Kisu hicho, chenye mkasi ule na mpini ule pamoja, ndicho kilichoachwa kutengenezwa. Hakuna kilichokirithi. Cha Ibach kina mpini ulionyooka na mkasi wa springi ndogo. Evolution ina mkasi wa wenzo na mpini uliopinda. Mtu aliyezoea vyote viwili kwa pamoja hana pa kwenda.

4. Vipuri na matengenezo.

Mwenye Wenger ya zamani anahitaji kujua kwa maandishi: je, mkasi wa milimita 85 utatengenezwa, au atapewa kisu kingine badala yake? Kwa mtu aliyepewa kisu na mgeni ambaye leo ni marehemu, kupewa kingine si matengenezo.

5. Mshindani ameondoka.

Kwa miaka 97, kuanzia 1908 hadi 2005, kila kisu cha Ibach kilikuwa na kisu cha Delémont cha kupimwa nacho. Askari wawili wa kikosi kimoja waliweza kuviweka mezani wakavilinganisha. Sidhani Elsener na Wenger walipendana kibiashara, na hilo lilitufaa sisi watumiaji. Wenger walikuwa na ujasiri wa kujaribu. Ndio waliotengeneza lile lijisu lenye vifaa 87 na matumizi 141, ambalo halikuwa la kubebwa mfukoni ila lilionyesha mafundi wao wanaweza nini. Ndio waliokaa na Ueli Steck, mpanda milima wa Uswisi aliyefariki mwaka 2017 huko Nepal, wakatengeneza naye kisu chepesi cha titani kwa ajili ya watu wa milimani. Sisi wa milimani tuliliona hilo. Kiwanda kilichokuwa mbali na bahari na mbali na Kilimanjaro kilimuuliza mtu wa kazi yetu anataka kisu cha namna gani.

Ninyi mna mafundi hodari, sina shaka. Nina shaka kama fundi asiye na mwenzake wa kumsumbua ataendelea kujiuliza maswali yale yale.

Najua majibu yatakayotolewa, maana mengine nimeshayasikia kutoka kwa wauzaji.

Mtasema kwamba bila ninyi Wenger ingekufa mwaka 2005. Ni kweli, na nawashukuru. Kampuni ile ilikuwa na hali mbaya, na ingeweza kununuliwa na mtu ambaye angefunga milango ya Delémont na kupeleka jina ughaibuni. Mliokoa ajira za watu wa Jura. Lakini aliyemwokoa mtu asizame hapati kwa hilo haki ya kumbadilisha jina. Na miaka ile minane, 2005 hadi 2013, ninyi wenyewe mlionyesha kwamba majina mawili yanaweza kukaa chini ya paa moja.

Mtasema majina mawili yaliwachanganya wanunuzi. Wanunuzi waliishi nayo tangu zama za mabibi na mababu zao. Anayechanganyikiwa leo ni yule anayeona Wenger kwenye begi, akaomba kisu cha Wenger dukani, akaambiwa hakuna.

Mtasema soko limejaa visu vya kuigiza vya bei rahisi, na kwamba mlihitaji kuunganisha nguvu. Visu hivyo tunavijua. Vinapangwa kwenye meza za wamachinga Moshi mjini, vina mpini mwekundu na msalaba, na bapa lake linapinda ukikata kamba ya katani. Vinawaumiza kibiashara, hilo sibishi. Ila bandia hushindwa mbele ya chapa ambayo watu wanaijua na kuiamini, na ninyi mlikuwa nazo mbili. Mmoja wa walinzi hao mmemwondoa langoni wenyewe.

Mtasema pia, hata kama kwa maneno laini zaidi, kwamba kampuni ni yenu na mwongoza wageni wa Marangu hana hisa ndani yake. Kisheria ni sahihi. Lakini tazameni mlivyojiweka wenyewe. Mwaka 2000 familia ya Elsener iliweka sehemu kubwa ya hisa kwenye taasisi ya wakfu ili kampuni isiuzwe vipande vipande na isiendeshwe kwa tamaa ya faida ya haraka. Hamna wanahisa wa soko la hisa wanaowapigia simu kila robo mwaka kuuliza gawio. Kampuni nyingine ikisema haiwezi kubeba jina la pili kwa sababu ya faida, nitaielewa. Ninyi mlijijengea uhuru wa kufanya jambo jema hata kama halilipi sana, na kwa hiyo ninawadai zaidi kuliko ningewadai wengine.

Maombi yangu ni haya:

(a) Visu vinavyotokana na Wenger, yaani Evolution, EvoGrip na Nail Clip, viwe na chapa ya Wenger Delémont kwenye kitako cha bapa. Upande mmoja Victorinox, upande wa pili Wenger. Mpini ubaki na ngao yenu kama mnataka. Hilo halihitaji kiwanda kipya.

(b) Mtoe kisu kimoja, nasema kimoja tu, chenye mpini ulionyooka wa milimita 85 na mkasi wa wenzo, chenye jina la Wenger. Kitoeni hata kwa toleo la idadi ndogo kila mwaka.

(c) Mtangaze kwa maandishi ni vipuri gani vya visu vya Wenger vinavyopatikana, vitapatikana hadi lini, na mtu aliye nje ya Ulaya afuate njia gani ili kisu chake kitengenezwe na kurudishwa kile kile.

(d) Mfungue kumbukumbu za Delémont: katalogi za zamani, majina ya aina za visu na miaka yake. Watu wengi wana visu vya Wenger wasivyojua ni vya mwaka gani, na mafundi waliokuwa wakijua wanazeeka.

(e) Kama mnaona (a) na (b) haviwezekani, basi mtueleze kwa nini jina lisilofaa kukaa kwenye kisu linafaa kukaa kwenye begi. Mkikosa maelezo ya kuridhisha, liondoeni na huko.

Kwa Serikali ya Jura na watu wa Delémont, niliowapa nakala: ninyi mlipata kantoni yenu mwaka 1979 baada ya kudai kwa miaka mingi mtambuliwe kwa jina lenu. Msione haya kulidai na hili. Sauti yenu itasikika Ibach haraka kuliko yangu.

Wenzangu wa Marangu, Machame na Arusha wenye visu vya Wenger, tafadhalini msivitupe vikilegea. Andikeni kisu chenu ni cha aina gani na kina tatizo gani, mnipe tukutanapo getini. Nitayakusanya na kuyapeleka Ibach kwa bahasha moja, yaambatane na barua hii, ili Waheshimiwa Wakurugenzi wajue ombi (c) ni la watu wangapi.

Waheshimiwa, nasubiri majibu yenu kwa maandishi. Nitayasoma mbele ya wenzangu jinsi yatakavyokuja, bila kupunguza neno.

Nawasilisha kwa heshima,

Mwongoza wageni,
Marangu, Kilimanjaro,
TANZANIA.